Wamebomoa Kambi Yetu

Leo nimesimamisha tingatinga, na sioni haya.

Wanabomoa kambi ya wachuma chai, zile nyumba za mawe nilizokaa tangu niolewe. Nyumba ya meneja wameiacha na kuipaka rangi, eti hiyo ndiyo historia. Sisi tulikuwa nini, mbuzi?

Kambini, mtu mzima akifa alipelekwa kwao. Mtoto mchanga alizikwa pale pale, nyuma ya jikoni. Chebet wangu yuko hapo.

Basi nikamgombeza dereva mpaka akazima injini.

Akashuka, kofia mkononi. "Pole, kogo, bibi yangu. Nionyeshe mahali, sitapagusa."

Nikageuka nimwonyeshe.

Jikoni hakuna. Ukuta hakuna. Ni udongo mwekundu tu, kote kunafanana.

Na watu wote wananitazama, mimi niliyepiga kelele hivyo. Nikanyoosha kidole, hapo tu. Akachomeka kijiti.

Hapo hawatapanda chai. Lakini mtoto wangu sijui kama ndipo alipo.

Nyinyi mliokulia kambi ile, msinitumie vikatuni vya kulia. Anayekumbuka mlango wetu ulikuwa wapi aje kesho asubuhi, kabla dereva hajawasha.