Kina Mama Nkwabi wa Kigongo

Modesta alikuwa na kazi ambayo mama yake mzazi alishindwa kuwaeleza majirani. "Binti yangu kazi yake ni kusikiliza watu," alikuwa akisema. Wakimuuliza ni watu gani, anajibu, "Hawapo." Mazungumzo yanaishia hapo, kila mtu anarudi kwake na lake.

Na kweli hawakuwapo. Modesta alikaa kwenye kaofisi kamoja mtaa wa Pasiansi, hedifoni masikioni, akisikiliza sauti zilizorekodiwa kandokando ya ziwa. Anasikiliza kipande, anasimamisha, anaandika kwenye kompyuta, anarudisha nyuma kuhakikisha, anaendelea. Ofisi yao ilikusanya maisha ya watu ili yachapwe vitabu vidogo vya picha na maneno. Na walikuwa na utaratibu wao: hakuna neno linalochapwa kabla mwenyewe hajasomewa na kusema, "Ndiyo hayo."

Sasa hivi walikuwa na kazi ya Kigongo, pale kilipokuwa kivuko cha ziwa. Tangu daraja lifunguliwe, magari yanapita juu bila kusimama, na akina mama waliokuwa wakiwauzia abiria wa kivuko wamebaki na hadithi tu. Ofisi iliwaachia simu moja ya kurekodia, wakawa wanapokezana wenyewe. Mtu anajitaja, anazungumza mpaka anachoka, anamkabidhi mwenzake.

Hapo ndipo alipoingia Suhaib, kijana wa kompyuta aliyeletwa na mkuu wao, Odeta.

"Dada Modesta, pumzisha vidole," alisema akivuta kiti. "Rekodi zote zitakaa kwenye ghala moja humu ndani. Ikiingia mpya, programu ya kutambua sauti inaichukua yenyewe, inasikiliza, inaandika, halafu inapeleka maandishi kwenye jina la mwenye sauti."

"Inaichukua saa ngapi?"

"Muda wowote."

"Nani anaiambia?"

"Hakuna wa kuiambia. Nimeviunganisha, ghala na programu. Vinajuana."

Modesta aliitazama kompyuta, ile ile ya jana, yenye stika ya ndizi aliyoibandika mwenyewe. Vinajuanaje? "Na ikikutana na upepo? Kigongo kuna upepo, Suhaib."

"Imeshasikia upepo mwingi kuliko wewe. Kazi yako ni moja tu. Sikiliza pale mwanzo anapojitaja, andika jina kwenye hiki kisanduku. Mengine usiguse, nataka tuone ikifanya peke yake."

Odeta alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai. "Modesta, hii ya Kigongo ndiyo majaribio. Ikienda vizuri, kuandika tunaiachia mashine."

"Na mimi, dada Odeta?"

"Tutaangalia."

Basi, ndugu msomaji, hilo "tutaangalia" Modesta alirudi nalo nyumbani, akala nalo, akalala nalo. Ni neno lisilo na kichwa wala mkia. Tutaangalia nini? Mlango wa kutokea? Na lililomchanganya zaidi ni kwamba hakujua aombe nini. Akiomba mashine ishindwe, ni kuwaombea mabaya wenzake. Akiomba ifaulu, anajiombea nini?

Alifanya alivyoambiwa. Rekodi ikija, anasikiliza pale mwanzo: upepo, kikohozi, kuku, halafu "Mimi ni Mama Nkwabi." Anaandika Mama Nkwabi. Siku nyingine tena upepo, mtoto analia, "Hapa ni Mama Nkwabi." Anaandika. Ilipokuja ya tatu, Modesta alitabasamu. Huyu mama ana mengi, akajisemea, akaandika.

Asubuhi moja akakuta ukurasa umekwisha kuandikwa, umenyooka, nukta mahali pake. Akaanza kusoma.

*Mume wangu alifariki mvua zimeanza, nikarudi kukaanga samaki kabla hata matanga hayajaisha, maana watoto walitaka kula. Mume wangu ananichosha sana, juzi tu amekula sato wawili wa biashara na hajaomba hata samahani. Mimi samaki siwagusi, harufu yake inanipa kichefuchefu tangu utotoni. Nilichoma mahindi.*

Akasoma tena. Akavua miwani, akaifuta, akasoma mara nyingine. Marehemu amekula sato juzi?

"Suhaib, hebu njoo. Mashine yako inaumwa."

Suhaib akasoma, akakuna kidevu. "Maneno yenyewe yako sawa. Imeandika ilichosikia."

"Imesikia marehemu anakula?"

"Labda mama mwenyewe amechanganyikiwa. Majonzi, dada. Wewe nenda kamsomee."

Modesta akaikunja karatasi, akaenda. Njia nzima alijiuliza ni nani kachanganyikiwa: mashine, mama, au yeye.

Alipofika karibu na kilipokuwa kituo cha kivuko alimkuta mama mmoja mnene akipanga nyanya mezani, na kando yake mwanamume akigongelea mguu wa kigoda.

"Hodi hapa. Namtafuta Mama Nkwabi, wa ile simu ya kurekodi."

"Umempata. Karibu ukae."

Modesta akakaa, akaeleza amekuja kumsomea maneno yake, akafungua karatasi. "Mume wangu alifariki mvua zimeanza..."

Nyundo ikasimama.

"Nani amefariki?" akauliza mwanamume.

"Baba Nkwabi, tulia," alisema mama, lakini macho yalikuwa yamemtoka. "Binti, huyu ndiye mume wangu. Mmoja tu huyu."

"Na nilizikwa wapi?" Baba Nkwabi alitaka kujua. "Watu wangapi walikuja?"

Modesta akarudi kwenye karatasi haraka. Akaruka mistari, akasoma mbele: "...amekula sato wawili wa biashara na hajaomba hata samahani."

"Eeh! Hayo yangu!" Mama akapiga makofi. "Hayo nimesema mimi, na narudia mbele yake."

"Umenitangaza mpaka mjini?"

"Ulikula kimya kimya?"

Kicheko kiliwavuta majirani. Mama mmoja mrefu akaja na gunzi la hindi mkononi, akasikiliza kidogo, akasema, "Hayo ya kichefuchefu ni yangu. Mimi ndiye Mama Nkwabi nisiyegusa samaki."

"Na wewe ni Mama Nkwabi?"

"Mwanangu wa kwanza ni Nkwabi, ulitaka niitwe nani?"

Modesta akaitazama karatasi, na ndipo kitu kilipoanza kumkaa kichwani. Kando yote hii ya ziwa, nani humwita mama wa watu kwa jina lake tupu, na akina Nkwabi ni wangapi? Naye alikuwa ameandika jina moja mara tatu. Mashine ingefanyaje? Ilifuata jina, ikawakusanya wote kwenye ukurasa mmoja.

"Basi wa kufiwa ni wa tatu," alisema polepole.

Wakamwonyesha. Alikuwa amesimama nyuma yao muda wote, mzee kidogo kuliko wenzake, kanga begani.

"Shikamoo, mama. Nisamehe sana. Maneno yako yamechanganyika na ya wenzako."

"Marahaba. Nimesikia." Akasogea, akakaa. "Kwenye hiyo karatasi, mume wangu anakufa, halafu juzi anakula sato?"

"Ni kosa, mama. Nitalirekebisha leo leo."

"Rekebisha. Ila kwanza nisomee hapo tena."

Modesta akasoma. Hakujua kama acheke au alie. Yule mama alicheka kimya, mabega yakitikisika, akafuta macho kwa pindo la kanga. "Angekula watatu," akasema. "Na samahani asingeomba."

Baba Nkwabi akarudi kwenye kigoda chake, akagonga taratibu kidogo kuliko mwanzo.

Kazi ikabaki ya majina. Modesta alipowaomba majina kamili, wa mahindi akamkata jicho. "Tuitwe kama watoto wa shule?" Wakashauriana wenyewe, wakajigawa kwa sehemu walizokaa enzi za foleni ya kivuko: Mama Nkwabi wa Getini, Mama Nkwabi wa Tiketi, Mama Nkwabi wa Kwenye Taa. Taa yenyewe haikuwahi kuwaka, lakini kila mtu aliijua.

Jioni Modesta alisimama mbele ya meza ya Odeta. Angeweza kusema mashine imevuruga, na kazi yake ingepona. Maneno hayo yalimfika mdomoni kabisa.

"Mashine imeandika vizuri," alisema. "Jina niliandika mimi, moja kwa watu watatu."

Odeta akafunga daftari lake. "Basi kuandika ndiyo tumeiachia. Wewe utakuwa unakwenda."

"Nakwenda wapi?"

"Kwao. Kuwasomea, na kuuliza nani ni nani. Suhaib hawezi, na hicho kisanduku chake hakiulizi."

Nyumbani mama yake alimsikiliza mpaka mwisho, mwiko mkononi. "Kwa hiyo wamekufukuza au wamekupandisha?"

"Sijui, mama. Kweli sijui. Ila watu ninaowasikiliza sasa wapo."

Mama yake aliuzungusha mwiko mara moja sufuriani, akausimamisha. Alikuwa anawaza majirani, na namna ya kuanza kuwaeleza upya.