Valvu ya Inchi Moja

Fundi akiniambia "imekaa" kabla sijamuuliza kama kitu kimefunga sawasawa, roho yangu inakataa papo hapo. Ndivyo nilivyo. Na siku ile shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, aliisema mara mbili.

Alikuwa anafunga valvu kwenye boila la udobi wangu pale Mtoni, ile inayoachia mvuke ukizidi. Ya zamani ilikuwa imeshikwa na kutu. Hii nyingine aliitoa Kurasini, kwenye mabaki ya mashine iliyoshushwa kutoka nje. Inchi moja kwa inchi moja, alisema. Ikaingia mizunguko michache, ikagoma. Akaitoa, akaizungushia katani na rangi ya kuzibia uvujaji. Katani mafundi wetu wote wanatumia, sikatai, lakini ni nyuzi chache tu. Yeye aliivika kama mtu anayefunga kidonda, kisha akaenda kutafuta kipande cha bomba cha kurefushia spana.

Nikabandua katani. Nikachukua valvu zote mbili, nikalaza meno ya moja juu ya meno ya nyingine, nikatazama kwenye mwanga wa mlango. Mwanzoni yalikumbatiana vizuri. Mbele kidogo yakaanza kupandana. Sikujua aina ile inaitwaje wala inatoka nchi gani, ila nilijua hizi mbili si za kipimo kimoja, na mvuke ungeweza kuifyatua hii ya Kurasini.

Aliporudi nikamwonyesha.

"Aah, shem, nawe una wasiwasi! Sie tunafungaga hivi hivi kila siku. Nikiibana hii haitoki."

Nimwambie ananidanganya? Jioni mama mkwe angekuwa ameshasikia. Lakini meza ya pasi iko hatua moja tu kutoka kwenye boila, na anayesimama hapo kutwa nzima, uso kwa uso na valvu ile, ni mdogo wangu. Niliogopa, na nilikasirika.

"Sawa shem, bana," nikasema. "Ila tukiwasha, utasimama wewe hapo mezani mpaka mvuke upande. Sie tutakuangalia kutoka nje."

Akacheka. Mimi sikucheka. Akaitazama meza, akaitazama valvu, kisha akaliweka bomba chini taratibu.

"Ngoja kwanza, shem. Nikatafute nyingine."

Mdogo wangu alikuwa mlangoni na rundo la mashuka mikononi, amesikia yote.

"Kwa hiyo, kaka," akamuuliza, "mie ndo ningesimama?"

Shemeji aliinama, akaanza kuokota katani sakafuni.