Jiwe la Kwenye Tangi la Samaki

Juzi jirani yangu wa Kitaji aliniita nikae shahidi. Wadogo zake wawili wa kiume walikuja kutoka kijijini Buswahili kusuluhishwa, maana wanagombania mpaka wa shamba la marehemu baba yao. Hawakutazamana. Macho yao yalikuwa kwenye tangi jipya la samaki la dada yao, ambamo kisamaki kimoja kilijimilikisha jiwe na kumfukuza kila aliyesogea.

“Hawa si wanatembeaga kundi moja?” akauliza mkubwa.

“Dukani walikuwaga hivyo,” dada akajibu. “Humu kamepata jiwe, kamekuwa mwenye mji.”

Akakunja mkono wa gauni, akalitoa jiwe, akaliweka mezani likichuruzika maji. Samaki wakahangaika kidogo, kisha wakajikusanya kundi moja. Wanaume wakacheka.

“Na lile lenu la mpakani nikaling'oe?” dada akauliza.

Kicheko kikakatika. Mdogo akaweka kikombe chini. “Dada, samaki ni samaki.”

Chai ikabaki. Kila mmoja alitaka kuwahi gari, mwenzake asije akatangulia kufika shambani. Nikawasindikiza kwa macho: wanatembea bega kwa bega, hakuna anayekubali kubaki nyuma. Kundi moja kabisa.