Siku Kalunde Alipohama Mstari

Filimbi moja, ndefu, ikipanda kutoka bondeni kabla umande haujakauka: hivyo ndivyo watu wa vilima vya Mbooni wanavyomkumbuka Kalunde. Alikuwa kiongozi wa mwethya, kikundi cha akina mama wanaolimiana mashamba kwa zamu na kuchimba matuta ya kuzuia udongo. Kalunde akihamia shamba la pili, wote walihama naye. Hakuna aliyeuliza. Katika mwethya, anayeuliza huonekana anakwepa jembe.

Siku za soko aliuza maharagwe katika kibanda cha mabati, kwenye soko dogo la barabara ya kushuka kutoka Kikima. Vibanda vya mabati vilikuwa vichache, na diwani Kiilu ndiye aliyevigawa. Wengine walitandika magunia juani. Ushuru ulikuwa uleule, wa kivulini na wa juani.

Kiilu hakuwa mtu mbaya. Alifika mazishini mapema na kucheka na wazee. Lakini alipenda kusema kwamba maendeleo humfuata rafiki, na kweli bomba la maji lilikoma upande wa juu wa soko. Upande wa chini, uliomnyima kura, uliendelea kuchota mtoni.

Mwaka 1988 chama kilikuwa kimoja, na kura ilipigwa kwa kupanga mstari nyuma ya picha ya unayemtaka, mchana, macho ya wote yakikutazama. Nzuki, mwalimu mstaafu, alijitokeza kumpinga Kiilu. Alirudia jambo moja kila alipokwenda: ushuru wa soko ujenge paa la soko zima.

Siku moja kabla ya kura, Kiilu alipita kibandani kwa Kalunde.

"Mama, kesho akina mama wote wako nyuma yangu, ama?"

"Kesho utageuka, utaona."

"Kibanda hakivuji?"

"Hakivuji."

"Nisingependa kianze."

Walicheka wote wawili, ila kicheko cha Kalunde kilikatika kwanza.

Asubuhi alisimama kwenye mstari wa Kiilu, wanawake wa mwethya wakimfuata. Jua lilipanda. Aligeuka akamwona Nzilani, muuza mboga wa juani, amemfunika mtoto wake kichwa kwa leso, kama alivyomfunika kila siku ya soko. Moyo wake ukakataa kusimama pale. Kibanda kilikuwa chake. Kama ni kupotea, kipotee chake peke yake. Akatoka mstarini, akaelekea kwenye picha ya Nzuki.

Nyuma yake akasikia miguu mingi. Wanawake wote walikuwa wakimfuata, mmoja baada ya mwingine, kama wanaohamia shamba la pili.

"Kalunde, funga mifugo yako," mzee mmoja wa mstari wa Kiilu akapaza sauti. "Inakula kura za watu."

"Nyamaza, mzee," Nzilani akamjibu. "Wewe umenunuliwa kwa sukari, na chai yenyewe hujapikiwa."

Uwanja ukacheka. Kalunde hakucheka. Aliwageukia wenzake.

"Mnaenda wapi?"

"Si umehama?"

"Hapa si shambani. Nimehama mimi. Kiilu ana macho, na kila mmoja wenu ana kitu cha kunyang'anywa. Anayetaka kurudi arudi, hatutagombana. Lakini atembee kwa miguu yake."

Walisimama katikati ya uwanja, wasijue wafanye nini na uhuru huo. Kisha wengi wakarudi, macho chini. Nzilani akabaki, na wachache pamoja naye.

Kiilu alishinda. Kabla maharagwe ya msimu ule hayajaisha, kibanda kilipewa mtu mwingine, naye Kalunde akatandika gunia kando ya Nzilani. Jua lilimchoma, mvua ilimloweshea mzigo. Waliorudi kwa Kiilu walimkwepa kwa muda, kwa aibu. Yeye akapuliza filimbi kama kawaida, wakaja, wakalima.

Halafu vikaja vyama vingi, na katika uchaguzi wa 1992 mistari haikuwepo tena. Sasa ilikuwa karatasi, pazia, na sanduku. Miezi ya kampeni Kiilu alizunguka sokoni akitafuta rafiki zake, akashindwa kuwatambua. Kila aliyemsalimia alimchekea kwa uchangamfu uleule. Angemnyima nani? Kwa mara ya kwanza hakujua.

Basi akasimamisha nguzo, si kwa vibanda vya wachache, bali kwa soko zima. Mabati yakaja. Bomba likashuka hadi upande wa chini, na watoto wakashinda pale wakifungua na kufunga mfereji, waone kama maji ni ya kweli.

Kiilu akaja alipoketi Kalunde, chini ya paa lililofika nusu, akachuchumaa mbele ya maharagwe yake.

"Mama, ya zamani tuyaache. Niambie ukweli. Safari hii kura yako ninayo?"

Wanawake waliokuwa wakiambua maharagwe wakasita. Kalunde aliinua macho, akautazama upande ambao bado ulikuwa mbao tupu. Kisha akamwinamia, na Nzilani, aliyekaa bega kwa bega naye, ndiye mwingine pekee aliyeisikia sauti yake.

"Wewe jenga tu, Kiilu."