Mawese Ndani ya Chombo cha Maziwa

Nyumbani kwetu Ruti, pembeni mwa mji wa Mbarara, wafanyakazi wa ndani walikuwa hawakai. Wa kwanza alidumu wiki tatu, akaolewa na fundi wa baiskeli aliyekuja mlangoni kuomba maji ya kunywa. Wa pili alidumu siku tisa, akasema mdogo wetu analia kama king'ora cha polisi na yeye kichwa chake hakitaki kelele. Mama alipomleta wa tatu, alinivuta sikio hadi nyuma ya nyumba kabla mgeni hajaweka hata mfuko wake chini.

"Weye, unisikilize muzuri. Huyu akienda, ni weye utabaki na mutoto. Mimi siwezi kuacha biashara. Masomo utarudilia mwaka kesho."

"Mama, mitihani inaanza Jumatatu ijayo!"

"Ndiyo maana ninakuambia leo."

Havikuwa vitisho. Mama anauza vitenge sokoni Mbarara, na kila baada ya siku chache anashuka mpakani Kikagate kuchukua mzigo unaotoka Tanzania. Baba yuko kambi ya wakimbizi ya Nakivale, kijiji cha Kashojwa, analima mahindi na maharage kwenye kiwanja tulichopewa tulipokimbia Kivu, Kongo. Mtoto alikuwa na miezi saba. Aliyebaki kwenye hesabu ni mimi, binti wa Senior Three, mwenye sifa mbili shuleni: hisabati na utani. Hisabati ilitegemea siku. Na asiyefanya mtihani wa mwisho wa mwaka anarudia darasa. Kulikuwa na katoto ka Senior Two kalikokuwa kananiita "dada mkubwa" kwa heshima zote. Nilijiona nimekaa naye dawati moja, naazima kalamu yake.

Kwa hiyo nilikusudia kuwa mtu mwema. Nilidumu kama saa mbili hivi.

Tantine, yaani shangazi, ndivyo tulivyomwita kwa adabu ya kwetu, alikuwa Mnyankore wa vijiji vya Isingiro, mama wa miaka arobaini na kitu, mrefu, mwenye maneno machache. Alikuja na mfuko wa nguo na kitu kimoja kilichofungwa ndani ya khanga. Alipokifungua kilikuwa chombo cha mti, cheusi, laini, kina shingo nyembamba, na juu yake kifuniko kilichosukwa chenye ncha kama kofia ya askofu. Kwao wanakiita ekyanzi. Alikiweka juu ya kabati, akakitazama kidogo, akaja kumchukua mtoto. Hatukuuliza. Sisi ni watu wa muhogo na sombe, majani yake yaliyotwangwa. Maziwa kwetu ni kitu cha kubadilisha rangi ya chai.

Sasa, mtoto akaanza kulia, na Tantine akaniuliza kwa Kiswahili chake cha sokoni, "Hii mtoto nalala namna gani?"

Nikajibu bila kucheka, "Tantine, huyu ni mtoto wa mkimbizi. Ili alale, lazima umsimamie wima, mikono imebana, umwimbie wimbo wa taifa wa Uganda. Ni mambo ya vibali."

Akanitazama sana. Kisha akambeba mgongoni, akasimama katikati ya sebule kama mwanafunzi wa paredi, akaimba beti zote tatu. Mama alipoingia na sufuria, akamkuta hivyo, naye akasimama kimya kwa heshima, sombe inapoa. Nilikuwa chini ya meza nikiuma kiganja. La ajabu ni kwamba mtoto alilala. Kuanzia siku hiyo alikuwa halali bila huo wimbo. Tantine alipojua kwamba nilimdanganya, hakugomba. Alisema tu, "Wewe. Mimi naona wewe."

Hayo yakumbukeni, kwa sababu ndiyo yaliyonimaliza.

Alhamisi Mama alirudi kutoka Kikagate na dumu la mawese ya Kigoma, yale mazito mekundu ambayo harufu yake inamfanya Baba aimbe. Mfuniko ulikuwa umepasuka na mafuta yalikuwa yanatiririka. "Tafuta chombo safi chenye kifuniko, mbio!" akapaza sauti huku ameziba tundu kwa kidole. Nikazunguka jikoni. Sufuria zina maharage. Ndoo ina nepi. Kisha nikakiona kile chombo juu ya kabati, kizuri kuliko kitu chochote ndani ya nyumba yetu, kina kifuniko kama cha mfalme. Nikasema moyoni, mawese ya Kigoma yamepata kiti chake. Nikamimina hadi shingoni. Naapa, kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilifanya jambo bila ubaya wowote.

Tantine alikuwa nje anaanua nguo. Baadaye jioni alinunua maziwa kwa jirani, akashusha ekyanzi, akafunua. Hakupiga kelele. Alirudisha kifuniko polepole, akamfungua mtoto mgongoni, akampa Mama, akaanza kukunja nguo zake.

"Maama, mimi nakwenda kwetu."

"Unaenda? Juu ya nini? Umekaa siku ine tu!"

"Hii mama yangu alinipa siku ya kuolewa. Miaka ishirini na tano, maziwa tu. Hata maji ya kunywa hapana ingia. Leo binti yako natia mafuta ya watu wa Kongo, nacheka."

"Sikucheka!" nikasema.

"Siku ya wimbo pia ulisema hapana cheka."

Nikamgeukia Mama, nikaeleza habari za mfuniko, za ndoo, za kiti cha mawese. Mama akanitazama jinsi hakimu anavyomtazama mwizi wa kuku mwenye manyoya mdomoni. Hakuna hata mmoja aliyeniamini, na kusema kweli hata mimi nisingejiamini. Tantine alikubali jambo moja tu: kubaki hadi Jumapili, kwa sababu kwao mtu haachi mtoto mchanga bila mikono mingine. Tukatoa nepi kwenye ndoo, tukamwagia mawese humo. Tukaosha chombo kwa sabuni na maji ya moto, na hiyo nayo ikawa kosa, kwa maana sasa kilinuka mawese na sabuni.

Jumamosi alfajiri Mama akanipa nauli. "Nenda Kashojwa, ulete binti ya shangazi yako. Usipomuleta, Jumatatu utabaki hapa na biberon ya mutoto."

Kule Kashojwa binti wa shangazi alinisikiliza akichambua maharage. "Nyumba yenu inakula batu," akasema. "Na habari yako ya wimbo ilishafika huku." Akarudi kwenye maharage yake.

Nikaenda kwa Baba shambani nikiwa nimelegea. Nilimweleza yote. Alicheka hadi akaegemea jembe, halafu akasema, "Mambo ya maziwa uliza benye ng'ombe," akanionyesha kwa kidevu upande wa pili wa kilima.

Upande huo alikaa mama mmoja, mkimbizi wa Kivu kama sisi, ila wao ni wafugaji. Kabla hatujahamia Ruti alikuwa akisali na Mama kanisa moja, na ng'ombe wake watano walikuwa wakila ncha za mahindi yetu kila msimu, kwa hiyo tulijuana vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho, mkono mdomoni.

"Mawese? Ndani ya chombo ya maziwa?" Akamwita jirani. "Njoo usikie! Mutoto ya bakulima amefanya nini!" Jirani akaja, nikarudia. Wakamwita wa tatu. Nilisimulia aibu yangu mara nne, na mara ya nne nikaanza kuipamba, kwa sababu mcheshi hawezi kujizuia. Waliposhiba kucheka, yule mama akafuta macho. "Sabuni inaua chombo. Mafuta inatoka na kitu moja tu. Mukojo ya ng'ombe, ya leo leo. Kisha majivu, kisha moshi ya majani. Babu zetu baliosha vile. Ule mama wenu anajua, ila ku mji atapata ng'ombe wapi wa kumupa?"

"Na mimi nitaupata wapi?"

Akanipa kidumu. Akanionyesha ng'ombe.

Naomba mnielewe. Mimi ng'ombe namheshimu akiwa kwenye sufuria. Nilisimama nyuma ya ng'ombe mwekundu mwenye pembe ndefu kama mikono ya mtu anayeomba mvua, nimekata kidumu mdomo. Yule mama na wenzake walikaa kwenye ukingo wa zizi kama watu waliolipa kiingilio.

"Akiinua mukia, sogea!"

Akainua mkia. Nikasogea. Hakikuwa kitu nilichotumwa. Shangwe ikasikika hadi Base Camp, makao makuu ya kambi, nadhani.

"Usikimbie! Anakuogopa kupita vile unamuogopa!"

"Mwambieni yeye!"

Nikangoja. Nilingoja hadi nikaanza kumwimbia, wimbo gani mnajua, maana ndio uliokuwa kichwani wiki nzima. Nikasimama wima, mikono imebana, kidumu kimeelekezwa mbele. Ubeti wa pili haukuisha. Ng'ombe akakunja mgongo, akainua mkia, na baraka ikashuka, ya moto, nyingi, nusu kwenye kidumu na nusu kwenye kiatu changu cha shule. Sikutikisika. Wale akina mama walisimama wakapiga vigelegele kama arusini. Nimewahi kupewa zawadi ya hisabati mbele ya shule nzima. Haikufika hata robo ya hapo.

Yule mama akahamisha mkojo kwenye dumu dogo lenye mfuniko mzima, akanifungia na mganda wa majani makavu ya kufukizia. Kwenye gari dereva akanusa, akauliza ni nini. Nikasema ni dawa ya upako, natumwa na kanisa. Akazima redio njia nzima.

Nilipofika Ruti, Mama alikuwa mlangoni anaangalia nyuma yangu.

"Binti ya shangazi yako iko wapi?"

"Amekataa. Lakini nimeleta hiki."

Akafungua. Akafunga haraka. "Mungu yangu! Nilikutuma mutu, unaniletea mikojo!"

Alikuwa ameshavua kandambili ya kunipiga nayo pale Tantine alipotokea jikoni, mtoto mgongoni. Pua yake ilifika kabla yake. Akachukua dumu, akanusa kwa utulivu, jinsi wengine wanavyonusa chai. Akaona mganda wa majani. Akatazama kiatu changu.

"Nani nakufundisha hii?"

"Mama mmoja wa ng'ombe, Nakivale."

"Nani alikinga?"

"Mimi."

"Wewe?" Midomo yake ikacheza, akaibana. "Sasa wewe naosha. Mimi naangalia."

Niliosha Jumamosi hiyo hadi jua likazama, na Jumapili baada ya kanisa nikaendelea. Namimina, natikisa, namwaga. Majivu. Maji. Kila nilipotaka kupunguza kazi nilisikia "Aa-aa" kutoka kwenye kiti chake. Mwishowe tukachoma majani kwenye kigae, tukainamisha chombo juu ya moshi mpaka kikajaa, akafunga kifuniko, moshi ukabaki ndani. Jioni akatia maziwa.

Mfuko wake wa nguo ulikuwa bado umefungwa, karibu na mlango.

Jumatatu niliamka kabla ya wote. Nilivaa sare, na juu ya sare nikamfunga mtoto mgongoni, ili nikishindwa nisipoteze muda. Mama alikuwa ameshika mkoba wa safari ya Kikagate. Tantine akashusha ekyanzi. Akafunua, akanusa, akafumba macho. Akamimina kidogo kwenye kikombe, akanywa. Tulimtazama koo likipanda na kushuka.

"Sabuni imekwisha," akasema. "Mawese imekwisha." Akamimina tena, akanyoosha kikombe kwangu. Nikakipokea.

"Aa-aa! Kaa chini. Maziwa hapana kunywa unasimama."

Nikakaa sakafuni, na mtoto mgongoni, nikanywa. Yalikuwa na ladha ya moshi na nyasi, na sikuyachukia hata kidogo.

"Wewe ni mubaya," Tantine akaniambia. "Lakini mutu mubaya hapana kinga mukojo ya ng'ombe kwa ajili ya chombo ya mutu mwingine. Toa mtoto."

"Tantine, unabaki?"

"Nabaki. Na hii kitu," akagonga ekyanzi kwa ukucha, "ukigusa, mimi nakutia wewe ndani."

Mama akapiga magoti papo hapo kumshukuru Mungu. Nilinung'unika kwamba aliyekinga si Mungu, nikapata kandambili niliyokuwa nadaiwa tangu Jumamosi. Haikuuma. Nilimfungua mtoto, nikachukua rula na kalamu mbili, nikatoka mbio.

Nilikuwa sijafika barabara ya Kabale nilipousikia ule wimbo. Mtoto alikuwa ameanza king'ora chake, na Tantine amejibu kwa sauti kubwa, dirisha wazi, ubeti wa kwanza. Sasa, shuleni kwetu ukiusikia wimbo wa taifa ukaendelea kutembea, unapigwa fimbo mbili. Miguu yangu ikasimama yenyewe. Mbele yangu mwenye bodaboda akazima injini, akavua kofia. Muuza mandazi akaweka beseni chini. Tukasimama wima sote watatu pale Ruti, mtihani unaningoja, mpaka mtoto akalala.