Njegere Zilizomsubiri Baba

Ganda bichi la njegere likivunjwa hutoa harufu ya majani yaliyonyeshewa jana. Ni harufu ndogo, haifiki mbali. Lazima ganda liwe karibu na pua. Nimeivuta mara nyingi katika maisha yangu, na kila mara hunirudisha mahali pamoja: uani kwa mama, Tarime, masika ya kwanza baada ya kuhamishiwa katika kijiji cha ujamaa. Nyumba zilikuwa zimepangwa kwa mistari kama madawati ya darasani. Mji wetu wa zamani ulibaki mlimani, pamoja na zizi la mawe na kaburi la babu. Huku chini kila kaya ilipewa kiwanja chenye nafasi ya nyumba, jiko na choo, na kipande kidogo cha ardhi kwa nyuma. Shamba la kijiji tulililima wote kwa zamu. Kile kipande cha nyuma ndicho kilichokuwa chetu peke yetu, na mama alikipalilia hata pasipokuwa na gugu.

Baba alikuwa mtunza bustani katika hoteli moja ya wageni karibu na lango la Ikoma, walikokuja Wazungu kutazama wanyama. Alilima mboga walizopikiwa. Nyumbani alikuja kwa nadra, na sukari, sabuni, na pengine shati langu. Masika hayo alikuja na mbegu zimefungwa kwenye pembe ya leso. Zilikuwa njegere, lakini si zile za kumenya na kutupa maganda. Hizi huliwa pamoja na maganda yake. Zilikuwa za aina mbili, bapa na nene. Alizipanda yeye na mama, wakachanganya udongo na samadi iliyooza, wakasimika mabua ya mtama na kuyaunganisha kwa kamba za katani, kwa sababu mmea ule una vikono vyembamba kama nyuzi ambavyo havitulii mpaka vipate cha kushika. Alitufundisha kwamba bapa huchumwa kabla punje hazijatuna ndani, na nene huchumwa likishajaa, ila liwe bado linavunjika kwa mlio kama kijiti kibichi. "Ukichelewa kidogo tu, unakula kamba," alisema. Tena mmea usipochumwa hudhani umemaliza kazi yake, ukaacha kuzaa. Asubuhi ya kuondoka alisimama mlangoni, mkoba begani, akasema huku anacheka, "Zikianza kuzaa nitakuwa nimefika. Msije mkaonja bila mwenye mji." Mama akamjibu, "Njoo mapema basi. Hizi zako hazijui kusubiri."

Kwetu jambo hilo halikuwa mzaha. Zao jipya halikuliwa mpaka mwenye mji, yaani baba wa kaya, alionje. Uwe ulezi, yawe mahindi mabichi, yeye alitia kinywani kwanza, ndipo wengine wakala. Mwenye mji akiwa amefariki, mwanawe wa kwanza wa kiume alikaa kwenye kigoda chake na kuonja badala yake, na tangu siku hiyo mtoto huyo alihesabiwa kuwa amesimama mahali pa baba. Mwana wa kwanza nilikuwa mimi. Nilikuwa darasa la tatu.

Njegere zilistawi. Bibi, mama yake baba, alikaa karibu nazo kutwa na fimbo, akiwafukuza kuku. Zilipotoa maua meupe jirani yetu Mama Gati alikuja kuegemea ua wetu. "Mama Chacha, umepanda maua au chakula?" Mama akasema chakula. "Na maganda yake mnakula?" Akaambiwa ndiyo. "Basi mbuzi wangu ni Mzungu, maana na yeye hamenyi kitu." Mama alicheka mpaka akaziba mdomo kwa kiganja. Sikumbuki kama alicheka tena msimu ule.

Maua yakaanguka, maganda yakatokea. Kwanza yalikuwa madogo kama kucha, kisha yakarefuka yakaning'inia, ya kijani yenye kung'aa. Baba hakutokea. Wakati huo mahindi yalikuwa hayajakomaa na akiba ilikuwa imepungua. Jioni tulikula ugali wa muhogo kwa maji ya chumvi, mimi na wadogo zangu wawili wa kike, na kupitia mlango ulio wazi tuliyaona maganda yananing'inia. Hakuna aliyetukataza. Tulijua. Mdogo wangu wa mwisho alikuwa akienda kuyagusa kwa kidole, kisha analamba kidole.

Ndipo alipopita mtu aliyekuwa akifanya kazi pamoja na baba. Alikuwa ametokea Mugumu, anakwenda kwao. Bibi alimkaribisha maji, akamuuliza habari za mwanawe. Yule mtu alisema tangu mpaka wa Kenya pale Sirari ufungwe wageni hawaji tena kama zamani, na hoteli imebaki na nyani. Wafanyakazi wengi wameambiwa warudi makwao. "Baba Chacha naye?" mama aliuliza. "Yeye alipanda lori la Musoma. Alisema atafute kazi kwanza, haoni vizuri kurudi mikono mitupu." Bibi akasema, "Basi yuko njiani." Mama aliinuka. Aliondoka akaenda kwenye njegere, akashika ganda moja la bapa, akalipapasa. Punje zilikuwa zimeshaanza kutuna.

Siku zilizofuata walibishana kwa sauti za chini, kama watu walio na mgonjwa ndani. Bibi alishika methali yake, mvumilivu hula mbivu. "Mama, hizi zikiwa mbivu hazifai," mama alisema. "Uzuri wake ni uchanga." Bibi alikuwa amevuna maisha yake yote, na vyote alivyovuna vilikuwa vimekomaa shambani kwanza. Kwake, kuchuma kitu kichanga kulikuwa tabia ya mwenye njaa asiyetegemea kesho. Maganda yakageuka rangi, yakawa kama kitambaa kilichofuliwa mno. Maua mapya hayakutoka. Mmea ulifanya kama baba alivyosema.

Mchana mmoja, jua likiwa kali baada ya mvua, mama alichuma yaliyosalia ambayo hayajakauka, akayatoa nyuzi, akayachemsha kwa chumvi kidogo. Akakiweka kigoda cha baba katikati ya chumba. "Chacha, kaa pale."

Bibi alisimama. "Mtoto huyu akionja, mwanangu amekufa."

"Hajafa, mama. Hayupo," mama alisema. "Watoto wapo."

Nilikaa. Kigoda kilikuwa kipana kwangu. Nilimtazama bibi, nikamtazama mama, na hakuna aliyenisaidia. Wadogo zangu walikuwa wameshakaa kwenye mkeka, wanatazama mdomo wangu. Nilichukua ganda moja nikatafuna. Lilikuwa na nyuzi, na utamu ulikuwa umebaki kidogo sana, kwa mbali, kama sauti ya mtu aliyekwisha kuvuka kilima. Sikuhisi huzuni, wala fahari. Nilimeza. Mama akawasogezea wadogo zangu bakuli. Bibi aliingia chumbani, akalala akitazama ukuta, na jioni ya siku ya pili yake akatoka akala.

Maganda makavu mama aliyahifadhi kwa mbegu, na masika yaliyofuata akapanda upande wote wa ua. Sasa tulichuma kila yalipofikia wakati wake. Yalikuwa matamu kuliko nilivyowahi kudhani mboga inaweza kuwa. Baba alikuja katikati ya msimu huo, amekonda, na sanduku la bati. Mama alimsalimu kwa heshima, akamwandalia ugali na njegere changa. Baba aliinua ganda moja, akalitazama. "Nani alionja?" Mama alininyooshea kidevu. Baba alinitazama kwa muda mrefu, jinsi mtu mzima anavyomtazama mtu mzima mwenzake. "Haya," alisema, akala. Kigoda kilikuwa pale karibu; alikaa kwenye mkeka. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu mama hakumpa jembe. Baba akarudi Musoma, akaja tena mara chache, kisha hakuja.

Ningependa kuandika kwamba nilijifunza. Nilisoma hadi sekondari, nikapata kazi kiwandani Mwanza, nikaoa, nikamwacha mke wangu Tarime pamoja na mbegu za mama. Nilimwambia nitakuja njegere zikizaa. Kutoka Mwanza hadi Tarime si mbali, na mabasi yalikuwepo. Hakuna aliyenizuia. Nilikuwa na vikao, marafiki, na uvivu ambao niliuita kazi. Mwaka mmoja nilifika nikakuta kijana wangu wa kwanza amekaa kwenye kiti changu, na alipotaka kunipisha nilimwambia abaki. Nikasema, "Haya." Kinywa changu kilikuwa kinalijua neno hilo tangu zamani. Mke wangu amekwisha kufariki. Watoto wako Arusha na Dar es Salaam, na hupiga simu Jumapili.

Siku hizi njegere za maganda zinauzwa hata sokoni Tarime, kwenye mifuko, na vijana huzila zikiwa mbichi wakitembea, bila kumsubiri mtu. Sioni vibaya. Mimi nazipanda nyuma ya nyumba, bapa na nene, kwa mabua ya mtama kama zamani. Sasa mwenye mji ni mimi, na nipo. Za kwanza huzichuma kwa wakati wake, kabla punje hazijatuna, nikazichemsha kwa chumvi kidogo, nikaonja. Zinakuwa laini. Kisha hukaa na bakuli mkononi kwa muda, kwa kuwa mwenye mji akishaonja, wengine huruhusiwa kula.