Milele Ina Siku Ngapi

Siku yangu ya kwanza ya kazi, katika sekondari moja pale Mlandege, Iringa, Mkuu wa Idara ya Hisabati alinipa chaki na onyo. "Madam, usiwachoree ile nane iliyolala kabla vichwa havijawauma. Watadhani wameielewa." Nane iliyolala ndiyo alama ya kisicho na kikomo. Nikatii. Niliwataka wanafunzi wataje namba kubwa kuliko zote, na kila aliyetaja, mwenzake aliongeza moja. Kengele ililia wakiwa bado wanaongezana, na mimi nimesimama dirishani, mawazo yameshaondoka kitambo.

Ndivyo nilivyoumbwa. Nilipohamishiwa Mbalizi, Mkuu wa Shule alizoea kunikuta nikitazama malori yanayokwenda Tunduma, moja nyuma ya jingine, yakimezwa na ukungu. "Mwalimu, umerudi?" huniuliza. "Bado niko njiani, Mkuu."

Kisha baba akaugua. Alikuwa mkulima na mzee wa kanisa, Mlutheri wa benchi la mbele. Nikaomba ruhusa, nikarudi Iringa kumuuguza.

"Kamwene, baba," nikamsalimu kwa lugha ya nyumbani.

"Kamwene, mama. Afadhali umekuja, wewe mtu wa namba." Akapunguza sauti asisikike jikoni. "Hiyo milele tunayohubiriwa ina siku ngapi? Mimi nikilima najua nitafika ukingoni, nikae, ninywe maji. Shamba lisilo na ukingo naliogopa."

Sikuwahi kumsikia baba akisema anaogopa kitu.

Nikakosea kama tunavyokosea walimu: nikaanza na makubwa. Milioni, bilioni, trilioni, sifuri juu ya sifuri. Akageukia ukutani. "Sasa ndiyo umezidi kuniogopesha."

Moyo uliniuma. Ndipo nikasikia kandambili za mama uani, analeta uji.

"Baba, kutoka jikoni mpaka hapa, si lazima mama apite kwanza nusu ya njia?"

"Lazima."

"Halafu nusu ya iliyobaki. Halafu nusu ya hiyo. Ukigawa, kila mara kinabaki kipande cha kugawa. Nusu hizo hazina mwisho."

Akafumba macho, midomo ikimchezacheza. Nilijua anagawa. Mlango ukafunguka.

"Uji huu, unywe ungali wa moto," mama akasema.

Baba alimtazama toka miguuni hadi usoni, akacheka mpaka akakohoa. "Mke wangu! Umeivuka milele na kikombe mkononi, na wala hukumwaga!"

"Homa imempanda," mama akaninong'oneza.

Alikunywa uji wote. Majuma machache baadaye alituaga, ametulia kabisa.

Sasa nimestaafu. Nina bustani ya viazi na muda mwingi wa kusinzia. Walimu vijana huja kuniuliza namna ya kufundisha kisicho na kikomo, nami huwaambia mwenyewe sijakielewa. Baba namkumbuka kila siku. Mama nilikuja kumweleza mambo ya zile nusu, akasikiliza huku akimenya viazi. Juzi, tukiota jua, akaniuliza:

"Sasa baba yako atakuwa amefika wapi?"

"Nusu ya njia, mama."

Akajifunga khanga vizuri. "Basi nitamkuta."